Ukiporwa gari na mali, tunza mwili na akili

Mtu akivunjika mguu, jamaa na marafiki huiona plasta wakampa pole. Lakini mtu aliyezuiwa na majambazi langoni mwa nyumba yake, akanyang'anywa gari, simu, pesa na kitambulisho, aghalabu huingia ndani kwa miguu yake mwenyewe. Hana bendeji wala mshono. Watu humtazama juu hadi chini na kusema, "Afadhali hawakukuumiza." Siku ya pili anatarajiwa awe kazini, na juma la pili anatarajiwa awe amesahau.

Kwa hakika mtu huyo ameumia. Mshtuko wa kuporwa kwa mabavu ni jeraha, na kama majeraha mengine, lina namna yake ya kupona. Kwa vile halionekani, wengi hulitibu kwa njia zinazolichimba zaidi: pombe, vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila agizo la daktari, na kunyamaza. Gari huchukuliwa usiku mmoja tu, lakini usingizi, hamu ya kula na amani ya nyumbani vinaweza kuendelea kuibwa kwa miezi mingi baadaye.

Katika somo la leo, msomaji mpendwa, tutafuata mpangilio wa wakati: saa za kwanza, siku za kwanza, majuma yanayofuata, na hatimaye siku ya thelathini. Siku hiyo ya thelathini iweke akilini tangu sasa, kwani ndiyo kipimo cha kujua ni nani anayepona mwenyewe na ni nani anayehitaji tiba.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Mtu anapoelekezewa bastola au panga, ubongo hauna nafasi ya kufikiri kwa utaratibu. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele ya hatari, na tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, kinywa hukauka na tumbo husimamisha kazi yake. Sukari humiminwa katika damu ili misuli ipate nguvu. Muda mfupi baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari.

Mwili ulioandaliwa hivyo hufanya moja kati ya mambo matatu: hupigana, hukimbia, au huganda kama sanamu. Mtu hachagui. Ndiyo sababu mwanamume shupavu anaweza kutoa funguo bila neno, na mama mpole anaweza kupiga yowe la kutikisa mtaa. Wengi, hasa wanaume, hujilaumu baadaye: "Mbona sikufanya lolote?" Jibu ni kwamba mwili ulifanya. Mbele ya mtutu wa bunduki, kutoa gari na kunyamaza ndiko kulikomwezesha mtu huyo kurudi nyumbani akiwa hai.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni kumbukumbu. Wakati wa hofu kubwa macho huganda kwenye silaha. Mtu anaweza kueleza jinsi bastola ilivyokuwa lakini asiweze kusema kama aliyeishika alikuwa mrefu au mfupi. Matukio humrudia vipande vipande, mengine baada ya siku mbili tatu. Polisi, kampuni ya bima na hata mwenzi wa ndoa wanaweza kudhani anaficha jambo. Yafaa ieleweke kwamba mapengo ya namna hii ni ya kawaida na si dalili ya uongo. Andika unayoyakumbuka siku hiyo hiyo, na usiyoyakumbuka uyaache wazi badala ya kuyajaza kwa kubahatisha.

SAA ZA KWANZA: MWILI KABLA YA MALI

Tendo la kwanza ni kufika mahali salama penye watu. Nyumba ya jirani, kituo cha mafuta, kituo cha polisi au zahanati iliyo wazi, popote palipo na mwanga. Kisha, kabla ya kuanza kulilia gari, kagua mwili. Adrenalini hufunika maumivu, na mtu anaweza kukaa saa kadhaa bila kujua kwamba ameumia. Yafuatayo yanahitaji hospitali bila kuchelewa:

1. Kupigwa kichwani. Mtu akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa, akipatwa na kifafa, au akitokwa na damu au majimaji masikioni au puani, huyo ni wa kukimbizwa hospitalini. Hata asipokuwa na dalili hizo, asilale peke yake usiku wa kwanza.

2. Majeraha ya panga, kisu au kioo cha gari kilichovunjwa. Hata kidonda kidogo kinahitaji kuoshwa vizuri, na huenda mtu akahitaji sindano ya pepopunda.

3. Kufungwa kamba au kutiwa katika buti ya gari. Mikono ikibaki na ganzi au udhaifu baada ya kamba kufunguliwa, onana na daktari.

4. Kuwekewa mchele. Wakazi wa miji yetu wanalijua neno hili: dawa ya kulevya inayotiwa katika kinywaji au chakula ili mtu alale na aibiwe. Dawa hizo, hasa zikichanganyika na pombe, zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu afe. Usimwache aliyewekewa mchele "alale mpaka imtoke." Mlaze ubavu ili asisongwe na matapishi, usimpe maziwa wala kumlazimisha kutapika, na mpeleke hospitalini.

5. Kubakwa. Uhalifu huu hutokea katika baadhi ya visa vya utekaji wa magari, kwa wanawake na kwa wanaume pia, na ni nadra aliyetendewa kuutaja bila kuulizwa kwa upole. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ni ya mapema, kabla ya saa 120 kupita. Ni vyema kwenda kabla ya kuoga na kubeba nguo zilizovaliwa katika mfuko wa karatasi, lakini hata aliyekwisha kuoga aende. Nambari ya simu 1195 huwaelekeza waathiriwa bila malipo.

6. Maumivu ya kifua. Kwa mtu wa makamo, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, maumivu ya kifua yasidhaniwe kuwa ni wasiwasi tu. Mshtuko mkubwa unaweza kuudhuru moyo. Acha daktari aamue.

DAWA ZILIZOKUWA KATIKA GARI

Kuna hasara moja ambayo watu hukumbuka wakiwa wamechelewa. Mkoba ulioibwa ulikuwa na nini? Mara nyingi mlikuwa na vidonge vya shinikizo la damu, insulini, pampu ya pumu, dawa za kifafa au za kupunguza makali ya HIV. Mwenye mkoba hushughulika na benki na polisi siku tatu nzima, huku mwili wake ukiwa hauna dawa wakati ule ule ambapo mshtuko umepandisha shinikizo na sukari.

Dawa hizo zitafutwe siku hiyo hiyo. Nenda kwenye kliniki yako, ueleze yaliyokupata, na uombe upewe nyingine. Kliniki huwa na rekodi yako hata kama kadi imekwenda na gari. Wakupime pia shinikizo la damu na sukari. Vipimo vikiwa juu siku ya kwanza, visiwe sababu ya kubadilisha dawa kwa haraka. Virudiwe baada ya siku chache mwili ukishatulia.

POLISI, SIMU NA FUNGUO

Huenda msomaji akauliza ukurasa wa afya unahusika vipi na mambo ya polisi. Hofu ya mtu aliyeporwa ina sehemu mbili. Sehemu moja ni mwangwi wa yaliyopita. Sehemu ya pili ni hatari ya kweli: majambazi wana funguo za nyumba yake, wana kitambulisho chenye jina lake, na wana simu yenye pesa. Hakuna ushauri wala kidonge kinachoweza kuituliza hofu ya pili. Hiyo hutulizwa kwa vitendo.

Kwa hiyo, ukiwa na mtu wa kukusaidia, fanya haya mapema. Piga simu 999 au 112, kisha uandikishe kisa kituoni na uchukue nambari ya OB. Pigia kampuni yako ya simu ukitumia simu ya mwingine, laini ifungwe pamoja na akaunti ya pesa. Pigia benki kadi zisimamishwe. Badilisha vitasa vya milango siku hiyo hiyo kama funguo zimekwenda. Baadaye omba abstrakti ya polisi, kwa kuwa utaihitaji kwa bima na kwa kupata kitambulisho kingine. Bima ikiwa ya kamili, wajulishe upesi kama mkataba unavyotaka. Ikiwa ni ile ya watu wengine pekee, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ujue haikufidii gari lililoibwa. Ni heri kuujua ukweli huo mapema kuliko kungoja kwa matumaini miezi sita.

Usiende kituoni peke yako. Kusimulia kisa mbele ya karani anayeandika polepole ni kazi nzito kwa mtu anayetetemeka. Mwenzako atakumbuka uliyoambiwa, kwani wewe utasahau.

SIKU ZA KWANZA: YALIYO YA KAWAIDA

Katika siku na majuma ya mwanzo, karibu kila aliyeporwa kwa mabavu hupatwa na baadhi ya mambo yafuatayo:

- Kukosa usingizi, au kuamka saa ile ile ya tukio.
- Ndoto mbaya, na picha za tukio kumjia mchana bila kuitwa.
- Kuruka kwa kila mlio: honi, mlango kufungwa, pikipiki kupita karibu na dirisha.
- Kukereka upesi na kuwafokea watoto.
- Kulia ghafla, au kinyume chake, kutohisi lolote.
- Maumivu ya kichwa, shingo na mgongo, tumbo kuvurugika na chakula kutopita.
- Kujilaumu na kuona haya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ubongo umejifunza hatari mpya na unaipitia tena na tena ili isimkute mtu tena bila habari. Baada ya muda, ubongo hugundua kwamba nyoka wengi ni ung'ongo tu, na kengele hupungua. Hata mtu aliyekuta gari lake halipo mahali alipoliegesha, bila kumwona mwizi, anaweza kupatwa na dalili hizi, ingawa aghalabu huwa nyepesi.

Habari njema ni kwamba wengi hupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu 70 kati ya kila 100 ulimwenguni hupatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, lakini ni kama asilimia 5.6 tu ya waliopatwa na matukio hayo ambao huishia kuwa na ugonjwa wa kiwewe. Wengine mwili huwatibu wenyewe, mradi usizuiwe kufanya kazi yake.

MAMBO MATATU YANAYOZUIA KUPONA

La kwanza ni pombe. Glasi mbili humlaza mtu upesi, lakini usingizi wa pombe huvunjika usiku wa manane, na ndoto hurudi kwa nguvu. Kesho yake wasiwasi huwa mkubwa zaidi, na mtu huhitaji glasi tatu. Miraa nayo humnyima usingizi na kumwongezea wasiwasi mtu ambaye moyo wake tayari unakwenda mbio.

La pili ni vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Rafiki mwema humpa mwenzake vidonge viwili, au hununuliwa katika duka la dawa lisilouliza maswali. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa za jamii hii zisitumiwe kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hazizuii kiwewe, na baada ya majuma machache mtu hushindwa kulala bila hizo. Hata hivyo, ikiwa tayari ulikuwa ukizitumia kwa agizo la daktari, usiziache ghafla. Muulize kwanza.

La tatu ni kulazimishwa kusimulia. Zamani iliaminika kwamba kila aliyepatwa na balaa ni lazima aketishwe mara moja aseme yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha namna hiyo kisitumiwe, kwa vile hakipunguzi hatari ya kuugua. Kunyamaza kabisa nako ni kubaya. Njia ya katikati ni hii: mwenye kutaka kusema asikilizwe, asiyetaka asichokonolewe, na ajue mlango u wazi siku atakapotaka.

YANAYOSAIDIA

Rudisha ratiba ya siku. Amka saa zako za kawaida hata kama hukulala vyema, na kula hata kama ni uji na ndizi tu. Punguza chai ya rangi na kahawa baada ya adhuhuri. Tembea nusu saa mchana, penye watu. Misuli iliyoandaliwa kupigana inahitaji kazi ili ilegee.

Hofu inapopanda ghafla, pumua hivi: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa kinywa ukihesabu hadi sita, na uendelee kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mbio za moyo. Kisha taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona mahali ulipo. Zoezi hili huurudisha ubongo kutoka usiku ule wa tukio hadi leo.

Kuhusu barabara, usijifungie ndani, na usijilazimishe kwa pupa. Panda ngazi moja moja. Siku ya kwanza keti katika gari la ndugu yako lililoegeshwa. Siku nyingine zungukeni mtaani mchana. Kisha piteni mahali pa tukio mchana, mkiwa wawili, ikiwa ni salama. Rudia kila ngazi mpaka woga upungue nusu, ndipo upande inayofuata. Ikiwa ulitekwa ukielekea nyumbani kupitia Barabara ya Jogoo au ya Thika, kuikwepa barabara hiyo juma moja ni jambo la kawaida. Kuikwepa mwaka mzima ni kuipa hofu nyumba ya kudumu.

Tahadhari za maana ni njema: kuangalia nyuma kabla ya kuingia langoni, kupiga simu ili mlango ufunguliwe mapema, kutoegesha gizani. Lakini kuamka mara nane usiku kukagua kufuli si tahadhari tena. Kagua mara moja, mwingine athibitishe, kisha ulale.

WATOTO WALIOKUWA KATIKA GARI

Mtoto mdogo hawezi kueleza woga wake kwa maneno. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Anaweza kung'ang'ania mama, kukataa shule, au kucheza mchezo wa wezi na gari kila siku. Msimchape wala kumcheka. Mchezo huo ndiyo njia yake ya kulisimulia jambo.

Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi: "Watu wabaya walichukua gari. Sisi sote tuko salama. Haikuwa makosa yako." Neno hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu watoto wengi huamini kwamba balaa limetokea kwa kuwa walilia au walichelewa kushuka. Alale karibu na wazazi siku chache, kisha arudishwe chumbani mwake taratibu. Mkizidi kuzungumza habari za bastola mbele yake kila mgeni anapofika, mnamrudisha katika gari lile kila mara.

WEWE ULIYE JAMAA AU RAFIKI

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokuja kutoa pole hujeruhi bila kukusudia kwa maneno matatu. La kwanza ni "Mbona ulipitia pale usiku?" Swali hilo humbebesha aliyeporwa mzigo wa mwizi. La pili ni "Shukuru Mungu, gari ni chuma tu." Ni kweli uhai ni bora, na pengine mwenyewe amekwisha kushukuru, lakini akiambiwa hivyo kabla ya kusikilizwa hufunga kinywa. La tatu ni "Jikaze, wewe ni mwanamume."

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya nafsi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2011 unafupisha kazi ya msaidizi kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama, kama ameumia, kama amekula. Sikiliza bila kuhukumu. Muunganishe na msaada anaouhitaji: simu ya kuazima, nauli ya juma moja, mtu wa kumpeleka kituoni, mtu wa kumchukulia watoto shuleni. Sufuria ya chakula na nauli husaidia kuliko mahubiri marefu.

HASARA YA MALI NI HUZUNI YA KWELI

Kwa wengi katika miji yetu gari si anasa. Ni teksi inayolipa karo, ni gari la kubebea mboga kutoka sokoni, ni mkopo wa chama cha akiba ambao una miaka miwili kabla haujaisha. Mwendeshaji wa bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki ya mkopo amepoteza kazi, mtaji na heshima kwa mwenye pikipiki kwa dakika moja. Huzuni yake ni kama ya msiba, na inahitaji kuliwa matanga yake.

Kwa afya yako, usifanye uamuzi mkubwa wa pesa katika majuma mawili ya kwanza ikiwa unaweza kungoja. Akili iliyokosa usingizi huchukua mikopo mibaya. Nenda mapema kwa benki au chama chako, ueleze kisa ukiwa na abstrakti, na uombe malipo yapangwe upya. Mdeni anayejificha huzidisha wasiwasi wake mwenyewe. Jihadhari na matapeli wanaopiga simu wakidai wameliona gari na kutaka watumiwe pesa. Wape polisi nambari hizo.

Ikiwa washukiwa watakamatwa, jitayarishe. Siku ya kuitwa katika gwaride la utambuzi au mahakamani, dalili zilizokuwa zimekwisha zinaweza kurudi kwa siku chache. Hujarudi mwanzo. Nenda na mtu, pumua kama tulivyoeleza, na ulale mapema.

SIKU YA THELATHINI

Tia alama katika kalenda tarehe ya mwezi mmoja baada ya tukio. Siku hiyo jiulize maswali haya, au umuulize mwenzi wako akujibie kwa uaminifu:

- Je, ndoto na picha za tukio bado zinanijia mara kwa mara?
- Je, bado ninakwepa barabara, watu au mazungumzo yanayonikumbusha?
- Je, bado ninaruka kwa kila mlio na kukosa usingizi?
- Je, nimekuwa mtu mwingine: mwenye hasira, asiye na furaha, aliye mbali na watu wake?
- Je, kazi yangu au ndoa yangu inaharibika kwa sababu hiyo?

Ikiwa dalili zinapungua juma kwa juma, endelea kama ulivyo. Ikiwa hazipungui na zinakuvurugia maisha, nenda kwa daktari. Huenda huo ni ugonjwa wa kiwewe, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliutia rasmi katika kitabu chao cha maradhi mwaka wa 1980, na ambao unatibika. Tiba iliyo bora ni ya mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa husaidiwa kulikabili kumbukumbu hatua kwa hatua mpaka liache kuuma. Wengine huongezewa dawa za kutibu sonona, ambazo si za kulevya na hutumiwa kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi.

Usingoje siku ya thelathini ikiwa unafikiria kujiua, ikiwa huwezi kula wala kulala kabisa, ikiwa unasikia sauti zisizokuwapo, au ikiwa pombe imekushinda. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, au piga simu 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya isiyotozwa malipo, uzungumze na mshauri.

Mahali pa kuanzia ni kwa daktari wako wa kawaida au zahanati iliyo karibu, ambapo utaelekezwa kwa mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ambalo liliua watu zaidi ya 200, washauri nasaha waliwahudumia manusura wengi ambao hawakuwa na alama yoyote mwilini. Hakuna aliyewaambia manusura wale kwamba afadhali hawakuumia. Aliyeporwa usiku langoni mwake anastahili huruma iyo hiyo.

KWA MUHTASARI

1. Kagua mwili kabla ya kulilia mali, na utafute dawa zilizoibwa siku hiyo hiyo.
2. Funga laini, kadi na vitasa. Hofu ya kweli hutulizwa kwa vitendo.
3. Epuka pombe, vidonge vya kuazima na kunyamaza kabisa.
4. Rudi barabarani hatua kwa hatua, mchana kwanza, ukiwa na mwenzako.
5. Wasikilize watoto, na uwaambie haikuwa makosa yao.
6. Siku ya thelathini jipime. Dalili zikiwa bado zinakutawala, nenda kwa daktari.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ikiwa kuna mtu nyumbani au kazini kwako aliyeporwa mwezi huu na tangu siku hiyo hajawa yule mliyemjua, mkatie ukurasa huu umpelekee, kisha ukae naye asome.